SOMO: MABOMBA YA UPEPO KATIKA KARAKANA YA NYUMBANI

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi pamoja na wanachama wao, hasa wale wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na vijiji vilivyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Katika sehemu hizo karakana za nyumbani zimezidi kuwa nyingi. Mwanachama aliyekuwa akitegemea kahawa na mahindi peke yake, siku hizi huonekana pia na kompresa uani, akijaza matairi ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, au akipulizia rangi milango na madirisha ya chuma. Kazi hiyo ni halali na ina manufaa, na vyama vya akiba na mikopo vimekuwa vikiisaidia. Walakini liko jambo moja ambalo kamati za mikopo hulipita bila kulitazama, nalo ni bomba linalochukua hewa kutoka kwenye mtungi wa kompresa mpaka mahali pa kazi.

Na ichukuliwe mfano wa mwanachama anayeomba mkopo wa kununua kompresa yenye mtungi wa lita 100. Ameleta profoma kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ndani yake mna kompresa, mpira mfupi, bunduki ya rangi, na chini kabisa mita 12 za bomba la plastiki gumu la nusu inchi, viungo tisa na kopo moja la gundi. Kamati inatazama bei, inatazama akiba ya mwombaji na wadhamini wake, kisha inapitisha. Mita 12 za plastiki ni kitu kidogo sana katika hesabu ile, hata hapana anayeuliza. Lakini katika orodha nzima hicho ndicho kitu kinachoweza kumtoa mtu jicho.

Pengine katika kikao hicho katibu aliyekwisha kusoma habari hizi atainua mkono na kusema bomba la plastiki halifai. Bila shaka atajibiwa na mjumbe mzee, kwa haki kabisa: "Ndugu Katibu, mbona maji ya kijiji chetu yanapita katika plastiki miaka yote hii, tena yanashuka kutoka mlimani kwa nguvu, na bomba halijamdhuru mtu? Na juu ya bomba lenyewe imeandikwa bar 10. Kompresa haifiki hapo." Swali hilo ni zuri, na asiyeweza kulijibu hataweza kumshawishi mwanachama aache kitu cha bei nafuu anunue cha bei ghali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili itakaa hapo.

Tofauti ya maji na hewa

Mafundi wa matairi hupima upepo kwa paundi, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba. Bar moja ni paundi 14 na nusu. Tairi la lori kubwa huhitaji paundi 120 hivi, ambazo ni bar 8 na kitu. Ni kweli, basi, kwamba namba iliyoandikwa juu ya bomba ni kubwa kuliko namba inayosomeka kwenye geji ya kompresa. Mzee hakukosea kusoma. Kilichofichika ni kwamba namba ile iliwekwa kwa ajili ya maji.

Maji hayashindiliki. Ukichukua lita 100 za maji ukazisukuma kwa paundi 120, ujazo wake hupungua kwa mililita 40 tu, kiasi kisichojaza kikombe kidogo cha kahawa. Bomba la maji likipasuka, maji hujinyoosha kwa kiasi hicho kidogo, msukumo huanguka mara moja, na kinachobaki ni kuchuruzika na kulowa. Mwenye nyumba hulaani, hufunga koki, humwita fundi.

Hewa haifanyi hivyo. Mtungi wa lita 100 uliojazwa mpaka paundi 120 una hewa ambayo, ikiachiwa huru, hutaka kuchukua nafasi ya zaidi ya lita 900. Hewa hiyo yote imebanwa kama springi, na inangoja. Mahali popote patakapoachia, springi hiyo hufunguka mara moja, wala haiishi mpaka mtungi wote umekwisha kumwagika kupitia hapo. Kwa hesabu ya kinadharia, nguvu iliyowekwa katika mtungi huo mmoja yatosha kunyanyua mzigo wa tani moja kwenda juu kiasi cha mita 10. Ndiyo nguvu ambayo mwanachama ameilaza uani, jirani na mahali watoto wanapochezea.

Haya, sasa na itazamwe plastiki yenyewe. Bomba gumu la plastiki la rangi ya kijivu au nyeupe, lile linalounganishwa kwa gundi, lina tabia ya kioo. Likizidiwa halitoboki kidogo na kutoa mluzi wa kuonya, bali hupasuka vipande vipande vyenye ncha kali kama vigae, kwa mlio kama wa bunduki. Likiwa na maji ndani, vipande vile havina cha kuvirusha. Likiwa na upepo, hurushwa kwa nguvu yote iliyokwisha kuelezwa. Aliyesimama karibu hana nafasi ya kukwepa, kwa sababu mlio na vipande hufika pamoja.

Hatari hii haikuvumbuliwa juzi. Mwezi wa Mei mwaka 1988, idara ya Marekani inayosimamia usalama wa wafanyakazi ilitoa taarifa maalum ya kuonya dhidi ya kutumia mabomba ya plastiki ya aina hiyo, yaliyofungwa juu ya ardhi bila kufunikwa, kwa kupitisha hewa iliyoshindiliwa. Taarifa ile ilitolewa baada ya mfanyakazi wa kiwanda kimoja huko Texas kuumizwa na bomba la upepo lililopasuka. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengi wa mabomba hayo wenyewe huandika katika vitabu vyao kwamba yasitumike kwa hewa wala gesi yenye msukumo. Bahati mbaya maandishi hayo hubaki kiwandani. Muuzaji wa dukani anauza bomba la maji, na mnunuzi asipomwambia anakwenda kulitia nini, hapana wa kumlaumu muuzaji.

Mambo yanayozidi kulidhoofisha

Mtu anaweza kusema: lakini jirani yangu ameweka plastiki mwaka wa tatu sasa, na halijapasuka. Yawezekana kabisa. Bomba la plastiki halipasuki siku ya kwanza, huchoka. Namba ya bar 10 ilitolewa kwa maji ya joto la nyuzi 20 au zaidi kidogo. Joto likipanda, nguvu ya plastiki hushuka upesi kuliko watu wanavyodhani. Likifika nyuzi 43, bomba hubaki na nusu ya nguvu yake. Likifika nyuzi 60, hubaki na chini ya robo. Bar 10 za dukani zimekuwa bar 2 na kitu, na kompresa inasukuma 8.

Joto hilo hutoka wapi? Kwanza, katika kompresa yenyewe. Hewa inaposhindiliwa huwaka moto. Katika kompresa ya pistoni ikitoka kwenye silinda mara nyingi hupita nyuzi 100. Huweza kupoa ndani ya mtungi endapo kompresa inapumzika, lakini siku ya kazi nyingi haipumziki. Pili, juu. Mafundi wengi hulifunga bomba chini ya bati kwa waya, na kila mwenye nyumba anajua bati la saa nane mchana lilivyo. Sehemu inayotokeza nje hupigwa na jua moja kwa moja, na jua huifanya plastiki iwe kavu na rahisi kuvunjika. Kisha hufuata baridi ya Juni na Julai, ambayo wakazi wa Mbozi hawahitaji kuelezwa, na katika baridi plastiki huvumilia kipigo kidogo zaidi. Ngazi ikianguka juu yake asubuhi moja, au spana ikiteleza mkononi, yatosha. Tena baadhi ya mafuta ya kompresa, ambayo husafiri na hewa kama ukungu, hula plastiki na gundi yake polepole.

Kwa hiyo miaka mitatu ya jirani haithibitishi usalama. Inaonyesha tu kwamba bomba limezeeka miaka mitatu.

Wako wanaotafuta njia ya katikati: hulizungushia bomba magunia, au hulipaka rangi, au hulifukia na kuacha ncha mbili tu zitokeze. Rangi haiongezi kitu ila husaidia jua lisiliguse. Kufukia hupunguza vipande kuruka pale lilipofukiwa, lakini ncha zile mbili zinazotokeza ndizo hasa zilizo karibu na mikono na uso wa fundi. Gunia ni gunia.

Yafaayo

Lililo bora kwa karakana nyingi za nyumbani ni kutokuwa na bomba kabisa. Huu ndio ushauri ambao watu hawautegemei, kwa sababu fundi aliyeona karakana kubwa mjini hutaka na yeye afunge mabomba ukutani. Mwenye kompresa moja na sehemu moja ya kazi, anatosheka na mpira mmoja mzuri wa upepo wa mita 10 au 15, uliotengenezwa kwa kazi hiyo na kuandikwa ubavuni msukumo wake wa kufanyia kazi. Mpira ulioandikwa bar 20 ni wa kuaminika kwa kompresa ya bar 8. Ukichakaa huonekana: huvimba, hupasukapasuka ngozi, huvujia kwenye klipu. Hutupwa na kununuliwa mwingine. Mpira wa kumwagilia bustani haufai, hata ukifanana nao kwa rangi.

Kazi ikikua na kuhitaji bomba la kudumu, chaguo la kwanza ni chuma. Bomba la chuma lenye ncha zilizochongwa hesi hupatikana katika kila mji wa mkoa huu, na mafundi bomba wanajua kulikata na kulifunga. Nguvu yake ni kubwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, na likioza hutoboka tundu dogo na kupiga mluzi, halirushi vigae. Kosa lake ni kutu. Hewa iliyoshindiliwa huacha maji mengi ndani ya bomba, na kutu hiyo huenda kuziba bunduki ya rangi. Bomba lililopakwa zinki huchelewa kushika kutu, lakini zinki nayo huweza kubambuka vipande vidogo vidogo. Kwa kujaza matairi hilo si neno. Kwa kupulizia rangi inapasa kuwekwa chujio mwishoni.

Shaba ni bora kuliko chuma kwa kila hali isipokuwa mbili: bei yake, na wezi wa vyuma chakavu. Mwenye kuiweka na aiweke ndani ya nyumba inayofungwa. Ziko pia mbomba za alumini zilizotengenezwa mahsusi kwa upepo, nazo ni nzuri, ila ni adimu katika maduka ya wilayani.

Je, plastiki zote ni mbaya? La. Jibu la swali hili limepangwa foleni kila siku pale Tunduma. Breki za malori yale hufanya kazi kwa upepo, na mirija myembamba inayopeleka upepo huo kutoka mitungi ya gari mpaka magurudumuni katika malori mengi ni ya plastiki ya nailoni. Lakini ilitengenezwa kwa upepo, ikapimwa kwa upepo, na ubavuni imeandikwa hivyo. Hapo ndipo penye kanuni: si kitu gani bomba limetengenezwa, bali limetengenezwa kwa kazi gani. Mabomba ya kijani yanayounganishwa kwa moto, na yale meusi yanayopeleka maji vijijini, si mepesi kupasuka kama kioo, na viwanda vingine hutoa aina zake zinazoruhusiwa kwa hewa. Lakini bomba lililoko dukani likiwa halina maandishi ya mtengenezaji yanayotaja hewa iliyoshindiliwa, na lihesabiwe kuwa ni la maji tu, liachwe huko huko.

Kulifunga

Bomba jema lililofungwa vibaya lina hatari yake. Kompresa hutikisika daima, kwa hiyo bomba la chuma lisiunganishwe nayo moja kwa moja, la sivyo mtikisiko utalegeza hesi au kukata kiungo. Kati yao huwekwa kipande kifupi cha mpira wa upepo, na kabla ya mpira huo koki ya kufungia, ili palipo na hitilafu mtu aweze kuutenga mtungi kwa mkono mmoja.

Bomba lilale kwa mteremko mdogo, sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mbali na kompresa, na mwisho wake uwe na koki ya kutolea maji. Michepuko inayoshuka kwenye sehemu za kazi itolewe upande wa juu wa bomba kuu kisha ipindwe kushuka, ili maji yanayotambaa chini yasiingie katika mchepuko. Hili fundi bomba wa maji halijui kwa mazoea yake, naye hana budi kuambiwa. Kwa umbali mfupi nusu inchi yatosha. Kwa bomba refu au kazi ya rangi ni afadhali robo tatu, maana bomba jembamba hupoteza msukumo njiani, na mwenye kompresa hujaribiwa kuongeza msukumo ili kufidia.

Mtungi nao hutolewa maji kila jioni. Utingo yeyote wa lori anajua kuvuta kile kikoki chini ya mtungi wa breki asubuhi, maji yatoke kabla ya safari. Mtungi wa uani ni ndugu ya ule. Ukiachwa na maji huliwa na kutu chini, pasipoonekana, na mtungi ukipasuka hapana bomba linalofanana na madhara yake. Vali ya usalama isizibwe kwa sababu yoyote, wala isikazwe zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Anayeona vali inapumua na kuikomea kwa bolti amekwisha kutengeneza bomu.

Mabomba yakiisha kufungwa hupimwa kwa maji, si kwa upepo. Sababu imekwisha kuelezwa: maji yakipasua kiungo hulowesha tu. Mtungi hutengwa, bomba hujazwa maji mpaka hewa yote itoke, kisha kwa pampu ya mkono ya mafundi bomba hupandishwa mpaka mara moja na nusu ya msukumo wa kazi. Kazi ya bar 8 hupimwa kwa bar 12, na geji iangaliwe nusu saa. Isiposhuka, maji humwagwa, upepo hutiwa kidogo, bar 2, na viungo vyote hupakwa povu la sabuni. Baada ya hapo ndipo msukumo hupandishwa kamili. Mtu asisimame usawa wa ncha ya bomba wakati huo. Kizibo cha inchi moja chenye paundi 120 nyuma yake husukumwa kwa nguvu ya kilo 43.

Sehemu ya chama

Chama chenye karakana yake au kompresa katika kituo cha kuchakatia kahawa kina jukumu kubwa kuliko mwanachama mmoja, kwa sababu kina waajiriwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hukagua mitungi ya msukumo kama wanavyokagua boila. Katibu na aweke hati ya ukaguzi wa mtungi katika faili lake, pamoja na tarehe ya ukaguzi ufuatao. (Idara ya Marekani iliyotajwa hapo juu ina herufi hizo hizo, lakini ni chombo kingine.)

Kwa mikopo ya wanachama, kamati haihitaji kuwa ya mafundi. Yatosha katibu aitazame profoma na kuuliza bomba ni la nini. Likiwa ni la plastiki ya maji, mwombaji ashauriwe abadilishe mstari huo uwe mpira wa upepo, na mara nyingi ataona jumla imepungua badala ya kuongezeka, kwa maana viungo tisa na gundi vimeondoka. Yule aliyekwisha kufunga plastiki asiaibishwe mkutanoni. Aendewe nyumbani na mtu anayemheshimu, aombwe afunge koki ya mtungi siku hiyo hiyo, afungue koki ya mwisho wa bomba mpaka upepo uishe, ndipo mazungumzo yaendelee.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza

Kikundi kitembelee karakana tatu za wanachama na kuandika bomba la kila moja ni la aina gani, na ubavuni limeandikwa nini.

Mwanachama ana kizibo cha inchi mbili mwishoni mwa bomba lake, na geji inasoma paundi 120. Kizibo hicho kinasukumwa kwa paundi ngapi? (Eneo la duara la inchi mbili ni inchi za mraba 3.14.)

Kwa nini bomba jipya hupimwa kwa maji? Mjumbe mmoja amweleze mwenzake kwa kutumia mfano wa tairi na ndoo.

Kamati ya mikopo ya chama chenu imepitisha kompresa ngapi miaka miwili iliyopita, na nani atakwenda kuzitazama?